Kipanga wa Msituni

Napenda kuwapa habari za ndege ambaye wengi wetu humsikia wala hatumjui, yaani kipanga wa msituni.

Nalitoka Biharamulo kwenda Ngara, nikalala Nyakahura kwa mzee mmoja rafiki yangu. Alfajiri nalisikia sauti kali juu angani, "kwit!", kisha kimya kidogo, tena "kwit!" Mzee akasema, "Mwalimu, ndiye huyo mwivi wa vifaranga vyangu. Kiota chake kimo katika mti ule wa bondeni, na leo nitaukata." Nikamsihi, "Mzee wangu, ngoja kwanza tumtazame."

Basi tukaketi nyuma ya nyumba, panapoelekea miti iliyosongamana kando ya kijito. Kipanga akaja akatua tawini, akatulia kimya. Mgongo wake ni wa kijivu, kifua cheupe chenye mistari myembamba ya hudhurungi, macho na miguu ya manjano. Mabawa yake ni mafupi na mkia ni mrefu, ndiyo sababu aweza kupenya na kugeuka upesi kati ya matawi. Hula ndege wadogo, panya, mijusi na wadudu. Jike ni mkubwa kuliko dume. Hutaga mayai mawili au matatu katika kiota cha vijiti, huyaatamia kwa majuma matano hivi.

Hata saa tatu, vifaranga wakalia uani. Tukageuka, na tazama, mwewe mwenye mkia wa panda amekwisha kunyakua mmoja! Kipanga alikuwa angali tawini. Mzee akacheka, akaliweka shoka chini. Sisemi kipanga hali kifaranga kamwe, akipata hula. Lakini siku ile alikuwa karibu kuhukumiwa kwa kosa la mwingine.

Kutoka hapo nalifika Benaco, wilaya ya Ngara. Mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda waliingia huko kwa muda wa siku mbili tu. Walihitaji kuni na miti ya vibanda, na miti mingi ikakatwa. Nani awalaumu watu waliokimbia kifo? Alfajiri nalitoka nje kusikiliza, sikusikia "kwit".

Ndugu zangu, sisi hatukimbizwi na mtu. Kabla ya kuinua shoka juu ya mti wa bondeni, na tuketi kwanza tutazame ni nani akaaye humo.