Springi, si bamba

Kaka yangu yuko Minnesota, Marekani, na zamu yake ya usiku hospitalini haingoji theluji iyeyuke. Januari, bamba la kusukuma theluji kwenye trekta yake ndogo ya bustani lilianza kujikunja mbele bila kugonga chochote. Akataka kununua jingine. Nikamwambia kwa simu, “Kaka, tulia. Kwanza kagua springi.”

Springi huliacha bamba likunjike likigonga jiwe, lisivunjike. Zikilegea, hata theluji nzito hulikunja. Akakaza nati, akajaribu: likasimama, akawahi kazini.

Magurudumu bado yanateleza, ila hilo ni tatizo jingine. Dawa yake minyororo na uzito nyuma. Kama kwenye programu, rekebisha kimoja, jaribu. Ukibadilisha viwili pamoja, hutajua kipi kilitibu.