Githunguri na Rungwe: Mimba Inakwamia Wapi?

Githunguri, Kiambu. Mashamba yamegawanywa hadi yakabaki vipande, na ng'ombe hatoki bandani; matete humfuata alipo. Mtu wa AI, yaani uhimilishaji, hakosekani. Tangu serikali ilipoanza kuwaachia watu binafsi huduma hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukipiga simu asubuhi, pikipiki yaweza kufika kabla ya adhuhuri, mtungi wa naitrojeni umefungwa nyuma.

Nilimtazama mmoja kazini. Alichomoa mrija wa mbegu kwa koleo, akauzamisha katika maji ya nyuzi 37 kwa nusu dakika, macho kwenye saa. Akaufuta ukakauka kabisa, kwani tone la maji huua mbegu, kisha akaukata ncha. Mkono wa kushoto ulipenya nyuma ukaishika shingo ya kizazi. Wa kulia ukasukuma mbegu taratibu.

"Hii ni mara ya tatu," mama mwenye ng'ombe akanung'unika. Kazi ile sikuiona dosari. Lakini ng'ombe yuko peke yake: hana mwenzake wa kumpanda, basi dalili kubwa ya joto, kusimama tuli anapopandwa, haionekani. Kunabaki kuvizia ute na maziwa yaliyopungua. Joto likija usiku, kunapokucha huenda limekwisha.

Rungwe, Mbeya. Kwa mzee niliyemwamkia karibu na Tukuyu, ng'ombe watatu walikuwa pamoja uani, wakitafuna majani ya gwatemala na vipande vya mgomba. Joto lilionekana alfajiri bila shida.

"Mtaalamu nimempigia, mwanangu. Yuko ng'ambo ya mto, na mvua ndiyo hii."

Kanuni ni fupi: ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni hiyo, wa jioni, asubuhi inayofuata. Yai likishatoka huishi saa chache tu. Mtaalamu akifika kesho yake mchana, analipwa kwa kazi iliyokwisha kuharibika.

Naitrojeni nayo haisubiri. Huhifadhi mbegu kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, lakini hupungua kila siku hata mtungi ukiwa umefungwa. Ikishuka mno mbegu hufa, na mrija kwa macho ni uleule.

Kote kuwili nilikuta ng'ombe waliozaa, wanaokamuliwa, mbavu zinahesabika. Mwili wa namna hiyo huchelewa kurudi kwenye joto, na hata akihimilishwa kwa wakati, mimba haishiki kirahisi. Kote pia wa kwanza kulaumiwa ni mbegu.

Ningepewa fedha za mradi, Rungwe ningezitia kwenye pikipiki na naitrojeni ya karibu. Githunguri ningefundisha kuchungulia banda alfajiri na usiku, na kuhesabu siku 21 kwenye kalenda toka joto la mwisho. Kote ningeongeza pumba na chumvi ya madini. Mbegu za madume ya bei kali zingekuja mwisho.