Mongbwalu: orodha ya wakimbizi ilipokatwa vipande

Mama mmoja aliyekimbia kijiji chake katika teritware ya Djugu alifika asubuhi na jetoni mkononi. Kijana anayetunza orodha ya msaada hapa Mongbwalu akatafuta jina lake kwenye kompyuta mara tatu. Hakuna.

«Mama, pengine hamkuandikwa.»

«Mwanangu, ni wewe mwenyewe uliniandika, kule kambi ya kwanza.»

Alisema kweli. Zamani orodha yote ilikuwa jedwali moja katika seva moja ya kukodi, na kodi hulipwa kwa dola kila mwezi kufuatana na nafasi inayotumika. Jamaa moja ni mstari mmoja tu. Lakini kila mgawo huongeza mstari mwingine: tuseme jamaa 3.000 zipokee kila mwezi, mwaka mmoja unaleta mistari 36.000. Na maneno bado ni mepesi. Kilichojaza diski ni picha ya kila karatasi iliyotiwa kidole.

Seva kubwa zaidi ilikuwa ghali. Basi kijana akakata jedwali: kila kambi na seva yake ndogo, ya bei rahisi. Kodi ikashuka, kutafuta kukawa haraka, akapongezwa.

Lakini kambi si anwani. Risasi zikilia usiku, jamaa inatoka hapa inaenda pale. Wengine wanafika hadi Bunia, halafu wanarudi. Jina la mama lilibaki katika seva ya kambi aliyoiacha, na seva ya kambi mpya haikumjua. Wengine walikuwa na mistari miwili katika seva mbili, wakaitwa wadanganyifu, kumbe ni mashine zisizosemezana.

Kwa karatasi, Wakongomani wanalijua jambo hili. Kwa uchaguzi wa 2023 CENI iliandikisha wapiga kura karibu milioni 44, nchi ikiwa imegawanywa maeneo matatu, Ituri ikiwemo katika la tatu. Kisha kila kituo kinabandika kipande chake cha orodha. Kwa siku moja inafaa, kwa sababu mtu anajua kituo chake. Mkimbizi hajui mwezi ujao atalala wapi.

Kijana akarudia kazi usiku, kwa umeme wa sola. Kugawanya halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kugawanya kwa kufuata kitu kinachohama. Majina yote akayarudisha mahali pamoja, maana ni mepesi, hata flashi inayabeba, na kila jamaa akaipa namba isiyobadilika. Zile zenye mistari miwili aliziita moja moja, akauliza mbele ya viongozi wa kambi, kabla ya kufuta chochote. Alichokata ni historia ya migawo, kwa kufuata mwaka: mwaka huu kwenye diski ya haraka, miaka iliyopita kwenye diski za bei ya chini, zinazokwenda polepole. Kila moja ina nakala mahali pengine, kwa kuwa diski rahisi hufa bila kuaga. Anayeuliza mgawo wa miaka miwili iliyopita anaweza kungoja kidogo. Mwenye watoto mlangoni hawezi.

Mama alipopewa namba yake aliomba iandikwe mara mbili: kwenye jetoni, na nyuma ya fishi ya chanjo ya mtoto wake mdogo. Jetoni yake ya kwanza kabisa, alisema, iliungua pamoja na nyumba.