Zamu za Bamvua Msuka

Safari hii nilikwenda Msuka, kaskazini ya Pemba. Ukitoka Wete unapita Konde. Hapo njia moja inakwenda msitu wa Ngezi, nyingine inakwenda Msuka.

Mimi ni bwana shamba. Mama mmoja aliniita nitazame batobato katika muhogo wake. Nilipofika alisema, "Bwana shamba, muhogo utangoja. Leo zamu yangu."

Barazani walikuwako watoto wanne. Mmoja ni wake, watatu ni wa majirani. Wote wana ulemavu. Wake ana miaka saba, ana mtindio wa ubongo. Hawezi kusimama peke yake, lakini anacheka sana. Alivicheka viatu vyangu vya mpira.

Mama alinieleza. Zamani kila mmoja wao alikaa ndani na mwanawe. Maji ya bamvua yakitoka, wanawake walikwenda kwenye mwani. Yeye hakuweza. Siku moja alimfungia mtoto ndani akaenda. Aliporudi alimkuta ameanguka, ana jeraha kichwani. Hakuthubutu kumwambia mtu. Jirani mmoja alitambua, kwa sababu na yeye alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Wakaanza wawili. Sasa ni wanne. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo mmoja hubaki na watoto, watatu huenda pwani. Anayebaki hapati hasara. Wenziwe humfungia mwani kwenye kamba zake.

Wanafundishana pia. Mtoto wa namna hii asilishwe amelala. Chakula kinaweza kuingia njia ya pumzi. Akae wima, kichwa kiiname mbele kidogo, apewe kidogo kidogo. Uani baba mmoja amechimbia nguzo nne na kufunga fito mbili sambamba, kimo cha nyonga za mtoto. Mtoto hushika huku na huku, akajifunza kusimama. Ufito mmoja ulikuwa umelegea, nikaukaza. Hilo naliweza.

Zanzibar kazi hii ina miaka mingi. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu ulianzishwa 1985. Jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili ilianzishwa 1999. Sheria ya 2006 ilimpa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma. Hata hivyo mama huyu aliwahi kurudishwa mlangoni mwa skuli. Mara ya pili hakwenda peke yake. Walikwenda wote wanne, wamewabeba watoto. Mtoto mmoja alipokewa. Watatu wameambiwa wangoje mwaka mpya wa masomo. Wanangoja, na tarehe wameiandika.

Jua lilipopinda wenziwe walirudi, kanga zimelowa. Mama akainuka. "Haya bwana shamba, twende."

Nusu ya shamba ilikuwa na batobato. Nilimwambia ang'oe mashina yaliyougua, ayachome, kisha apande mbegu safi. Jirani aliyetufuata akasema mbegu ziko kwake.