Mtungi Wako Uko Namba Ngapi kwa Foleni?

Wasee, tuongee kuhusu kompyuta inayokwama. Ukilalamika tu kidogo, kila mtu ana jibu moja: nunua mpya. Yangu ni ya mtumba, nilitoa tao, na ndiyo nahariria video zote mnazoona hapa. Hilo jibu nimelisikia hadi nimechoka. Pesa ni shida moja, sawa, lakini pia hilo jibu ni nusu ya ukweli.

Ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta kuna programu inaitwa keneli. Moja ya kazi zake ni kugawa zamu. Programu ni nyingi, prosesa ina nafasi chache, kwa hivyo kila programu inaingia kidogo, inatolewa, ingine inaingia. Hiyo inafanyika haraka sana hadi unadhani zote zinakimbia pamoja. Zamu zikigawanywa vibaya, hata mashine nzuri itaonekana mzee.

Cheki stori ya Linux. Con Kolivas ni daktari wa ganzi kule Australia aliyejifunza kuandika programu mwenyewe. Alisumbuka miaka akitaka Linux iwe nyepesi kwa mtu wa kawaida aliye nyumbani. 2007 akatoa mgawaji wake wa zamu. Muda mfupi baadaye Ingo Molnar, mmoja wa wakubwa wa keneli, akaandika wake unaoitwa CFS, akakubali wazi kwamba kazi ya Kolivas ilimfungua macho. CFS ndiyo ikaingia, toleo la 2.6.23, Oktoba 2007. Kolivas akaondoka, akilalamika kwamba mashine kubwa za makampuni zinasikizwa kuliko mtu wa nyumbani. (2009 alirudi na mgawaji mwingine, BFS. Huyo jamaa hachoki.)

CFS ilikuja na ahadi ya usawa: kila kazi ipate kipimo sawa. Poa, si ndiyo? Sasa fikiria ploti yenye mfereji mmoja. Sheria ni kila mtungi zamu yake. Wewe uko na mtungi mmoja. Jirani anayefua nguo za watu amepanga mitungi 64. Hakuna mtungi uliopendelewa, lakini wewe utangoja hadi jioni.

Hivyo ndivyo ilikuwa. Mtu akianza kuunda programu kubwa kwa kazi 64 kwa wakati mmoja, ile video anatazama pembeni ni mtungi mmoja tu. Inakwama.

Novemba 2010, Mike Galbraith akaleta marekebisho ya mistari kama 200 hivi. Wazo lake: panga kazi kwa makundi, halafu gawa zamu kwa kundi. Yaani zamu iwe ya nyumba, si ya mtungi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijaribu kusoma barua pepe kwa brauza huku kazi 64 zikichapa nyuma, na akafurahi sana. Marekebisho yakaingia toleo la 2.6.38, Machi 2011.

Manze, hapo hakuna mtu aliongeza RAM. Hakuna mtu alinunua prosesa. Maji ni yale yale, mfereji ni ule ule. Foleni tu ndiyo ilibadilishwa.

Sisemi keneli inaweza kila kitu. Kama RAM yako imejaa, imejaa. Lakini mi naamini swali la kwanza si "mashine ina kasi gani?" Ni "kasi ya nani?" Ukipima kazi ngapi zimeisha kwa saa, seva inashinda. Ukipima kidole cha mtu kinangoja muda gani baada ya kubofya, jibu linabadilika. Anayechagua kipimo ndiye anachagua nani atangoja. Na mara nyingi anayechagua ako na mashine ya nguvu, kwa hivyo huo ungoja haujui.

Kwa hivyo wewe unayesomea programu, uko hapo na lapi mpya ya shule: kabla ya kusema kazi yako iko fiti, azima mashine ya mtumba ya rafiki. Fungua brauza, weka wimbo, halafu uendeshe hiyo programu yako. Ukiona wimbo umeanza kukatika, rudi ukaangalie umepanga mitungi mingapi.