Mama Hajasafiri

Mwalimu alinipigia simu nikiwa kwa matatu, bado sijafika kazini. "Mama Baraka, huyu mtoto amemng'ata mwenzake tena." Sikumsahihisha. Mimi si mama yake. Mimi ni tata, dada mdogo wa mamake, na Baraka si jina lake halisi.

"Huyu ni kiboko tu anataka," mwalimu akaongeza.

Kiboko kilikatazwa shuleni na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, lakini midomoni mwetu bado kiko. Nilitaka kumwambia hivyo. Shida ni kwamba asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemzaba Baraka kofi. Nilimpata mkono ukiwa ndani ya mkoba wangu, anatafuta sarafu. Mara ya nne wiki hiyo. Nilimwita mwizi. Mtoto wa miaka sita.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Dadangu alifariki Baraka akiwa na miaka minne na nusu. Siku ya mazishi tulimwacha kwa jirani hapa Umoja, na chapati na katuni, sisi tukapanda gari kwenda Murang'a. Tuliporudi usiku, akauliza mamake ako wapi. Shosho akamwambia, "Mama amesafiri." Sote tuliokuwa kwa hiyo nyumba tukanyamaza. Tulijiambia tunamkinga mtoto. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunajikinga sisi wenyewe, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwona akilia.

"Atasahau," Shosho alisema. "Watoto husahau."

Hakusahau. Alianza kukojoa kitandani. Kisha ngumi shuleni, kisha meno, kisha sarafu. Shosho alitaka aombewe. Mwenzangu kazini akaniambia kuna mshauri anayetibu watoto kwa kucheza nao. Nilicheka. Yaani nilipe mtu acheze na mtoto? Si hata mimi naweza?

Kumbe sikuweza.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: mkeka, rafu za chini ambazo mtoto anazifikia, wanyama wa plastiki, wanasesere, rangi, udongo, magari, na beseni kubwa la mchanga. Vikao vya kwanza nilingoja nje. Mshauri alinieleza kwamba mtoto mdogo hawezi kuketi kwa kiti akueleze kinachomuuma kama mtu mzima. Anakicheza. Virginia Axline, Mmarekani aliyeandika kitabu kuhusu tiba hii mwaka wa 1947, alishikilia jambo moja ambalo kwa mtu aliyelelewa kama mimi ni gumu kweli: mtoto ndiye anayeongoza, mtu mzima anafuata. Humharakishi. Humwulizi maswali kama polisi. Mipaka ni michache tu, ile ya kuhakikisha hakuna anayeumia.

Kikao cha sita nikaitwa ndani. Nikae kwa mkeka, niangalie, ninyamaze.

Baraka alipanga vifuniko vya chupa kwenye mchanga. "Hii ni steji," akasema, hakumwambia mtu yeyote hasa. Akaleta basi. Akashusha abiria mmoja mmoja, mwanasesere, twiga, askari, akimwangalia kila mmoja usoni. "Si huyu. Si huyu. Si huyu." Basi likaondoka. Likaja lingine. "Si huyu."

Iliendelea hivyo karibu dakika ishirini. Mkono wangu ulikuwa unawasha. Nilitaka kumletea simba, nimwambie tucheze kitu kingine.

Mshauri alisema polepole, "Kuna mtu anangojwa. Watu wengi wanashuka, na yeye hashuki."

Baraka hakuinua macho. "Hana pesa ya gari."

Jioni hiyo nilivuta godoro lake nikapata soksi imefungwa fundo. Ndani mlikuwa na shilingi 135. Sarafu zangu, sarafu za Shosho, na bila shaka kumi-kumi za watoto aliokuwa akiwang'ata wakikataa kuziachilia. Niliketi sakafuni na hiyo soksi mkononi. Mwizi wangu alikuwa anachangia nauli ya mamake.

Nilimwomba mshauri amwambie ukweli kwa niaba yangu. Akakataa kwa upole. Habari hiyo itoke kwa mtu atakayekuwa naye usiku akiamka, alisema. Akanipa maneno: sema "alikufa", usiseme "amelala" wala "ametuacha", kwa sababu mtoto wa umri huu anachukua neno jinsi lilivyo. Aliyesafiri hurudi. Aliyelala huamka. Mwambie si kosa lake. Na akiuliza tena, jibu tena.

Shosho alikuja juu. "Mtoto haambiwi mambo ya kifo!"

"Lakini Shosho, ako steji," nikamwambia, nikamwekea soksi mapajani. Akaifungua. Akaangalia zile sarafu kwa muda mrefu, kisha akajifuta macho na kona ya leso.

Tulimwambia Jumapili, sote watatu kwa mkeka. "Baraka, Mama hajasafiri. Tulikudanganya, na tulikosea. Mama alikuwa mgonjwa, akafa. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Hawezi kurudi, na si kwa sababu ya kitu ulifanya."

Akafikiria. "Hata nikiwa na mia mbili?"

"Hata ukiwa na mia mbili."

Alilia mpaka akatapika. Kisha akaomba uji, akanywa, akaenda kucheza nje. Usiku akauliza tena. Kesho yake tena. Nilijibu mpaka sauti yangu ikaacha kutetemeka.

Sitawadanganya kwamba alipona. Wiki mbili baadaye alimng'ata mtoto mwingine, na shuka bado zinaanikwa asubuhi nyingine. Lakini mkoba wangu hauguswi. Pesa za vikao ziliisha baada ya kumi, na hapo mshauri akanifundisha kuendelea nyumbani. Si jambo jipya: miaka ya 1960 Bernard na Louise Guerney, wa Marekani pia, walianza kuwafunza wazazi wawe wao wenyewe wanaocheza na watoto wao kwa njia hii. Sisi tuna Jumamosi, nusu saa, simu imezimwa. Mchanga niliomba kwa mafundi wanaojenga hapo nyuma. Basi ni pakiti ya maziwa. Kazi yangu ni kufuata, na hadi leo bado najikuta nataka kuongoza.

Desemba tukampeleka Murang'a. Alisisitiza kulipa nauli yake mwenyewe. Akamwagia konda soksi nzima kiganjani, mimi nikaongezea zilizopungua. Konda akahesabu sarafu moja moja bila kucheka. Mungu ambariki.

Kaburini Baraka hakulia. Alichuchumaa akaanza kupanga vijiwe kwenye udongo mwekundu. Nikachuchumaa kando yake, nikangoja anionyeshe tunacheza nini.