Vita vya Mlimani

Msomaji, ukitaka kuujua mlima usimwulize mpita njia anayeutazama kwa mbali na kuusifu kwa weupe wa kilele chake. Mwulize aliyezaliwa chini yake. Huyo atakuambia kuwa mlima ni shamba, ni chemchemi, ni kuni, ni makaburi ya wazee; kisha, kwa sauti ya chini, atakuambia kuwa mlima ni maficho pia. Mimi nilizaliwa chini ya Mlima Elgon, mahali ambapo Kenya na Uganda zinagawana miteremko ya mlima mmoja, na kwa hiyo nanena jambo ninalolijua. Walakini leo sitaanza na mlima wetu. Nataka kukupeleka mpaka wa pili wa Uganda, ule wa magharibi, penye milima ya Rwenzori, nikusimulie habari ya vita ambavyo havijazimika hata sasa.

Sababu ya kukusimulia ni swali nililoulizwa. Siku ya Jumatatu, tarehe 19 Juni 2023, niliingia darasani nikawakuta wanafunzi wangu wamenyamaza kimya kisicho cha kawaida yao. Habari ilikuwa imewafikia. Usiku wa Ijumaa iliyopita watu wenye silaha waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, katika mji wa Mpondwe, wilaya ya Kasese, karibu sana na mpaka wa Kongo. Bweni la wavulana walilitia moto na wavulana wakiwamo ndani. Wasichana wakawakata kwa mapanga. Watu zaidi ya 40 walikufa, na walio wengi wao walikuwa wanafunzi. Wengine walitekwa, wakapelekwa msituni.

Shule yetu nayo ni ya bweni. Msichana mmoja wa kidato cha pili akasimama, akaniuliza, "Mwalimu, wale walikuwa na kosa gani?" Nilifumbua kinywa, nikakifumba. Kisha nikawaambia wafungue vitabu vyao, tukaendelea na somo. Hakuna mwalimu asiyejua hila hiyo. Mtu akikosa jibu hukimbilia kitabu. Tangu siku ile nimekuwa na deni, na insha hii ndiyo malipo yake.

Rwenzori ni mlima wa tatu kwa urefu katika Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kilele chake kikubwa, kiitwacho Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Uko karibu na mstari wa ikweta, na hata hivyo una barafu, ijapokuwa barafu hiyo inapungua mwaka hata mwaka. Mvua ni nyingi, ukungu ni mzito, matope hayakauki, na misitu ya mianzi hufunika njia asizozijua ila mwenyeji. Mpaka wa nchi mbili umepita juu yake, lakini watu hawakupata kugawanyika kama ardhi ilivyogawanywa. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu, na lugha zao zinakaribiana mno. Huoleana, huuziana, na huzikana. Basi aliyeshindwa upande huu aliweza kukimbilia upande wa pili, akapata mahali pa kulala na mtu wa kumpa chakula.

Hata hivyo, mlima peke yake hauzai vita. Vita vya kwanza vilizaliwa na dharau. Mwaka 1900 Waingereza walifanya mkataba na ufalme wa Toro, na Wakonzo pamoja na jirani zao Waamba wakajikuta chini ya ufalme ule. Walilalamika kuwa walidharauliwa kwa lugha yao, walitozwa kodi pasipo kupata faida yake, na walitawaliwa na watu wasiowachagua. Walijaribu kuasi baada ya Vita Kuu vya Kwanza, na viongozi wao watatu wakauawa mwaka 1921. Malalamiko hayakufa pamoja nao. Yalikaa kama makaa chini ya majivu kwa miaka 40.

Mtu aliyeyapuliza makaa yale alikuwa mwalimu wa shule, kama mimi. Jina lake Isaya Mukirane. Hakuanza kwa mkuki. Katika miaka ya 1950 aliunda chama cha kukusanya historia na mila za Wakonzo, kwa maana aliona kuwa watu wasioijua habari yao hawawezi kuitetea. Baadaye aliingia katika baraza la ufalme wa Toro, na humo yeye na wenzake wakadai kwamba Wakonzo na Waamba wapewe wilaya yao wenyewe. Walikataliwa. Mwaka 1962, mwaka uleule Uganda ilipopata uhuru, walitoka barazani kwa hasira, na mapambano ya Rwenzururu yakaanza. Mukirane alipanda mlimani, akatangaza ufalme, na huko mlimani akafa mwaka 1966. Mwanawe, Charles Mumbere, akarithi kiti angali mtoto.

Vita vile vilidumu kwa miaka 20. Vilikwisha kwa mazungumzo. Mwaka 1974 serikali ilitenga wilaya mbili kutoka Toro, moja ya Wakonzo na moja ya Waamba. Mwezi wa Agosti 1982 Mumbere na wapiganaji wake walishuka mlimani wakakabidhi silaha. Kijana yule aliyekuwa mfalme wa msituni alikwenda Marekani kusoma, akafanya kazi ya kuuguza wagonjwa kwa miaka mingi, kisha akarudi, na mwaka 2009 serikali ya Uganda ikautambua ufalme wake. Wazee husema milima haikutani, lakini binadamu hukutana.

Sisemi kuwa mapatano yale yaliponya kila kidonda. Novemba 2016 majeshi ya serikali yalilishambulia jumba la mfalme huyo mjini Kasese baada ya mapigano na walinzi wake, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Nakueleza jambo hili ili usidhani kuwa amani ni karatasi itiwayo sahihi mara moja ikawekwa kabatini. Lakini maadamu watu walijua walichokuwa wakigombania, walikuwa na neno la kuzungumza.

Sasa angalia jinsi njia iliyofunguliwa kwa sababu moja inavyoweza kutumiwa na mwingine kwa sababu nyingine. Miongoni mwa waliosaidia kuleta mapatano ya 1982 alikuwamo mwanasiasa mmoja, Amon Bazira. Serikali ilipobadilika, yeye mwenyewe aliingia katika upinzani wa silaha, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akaongoza kundi lililoitwa NALU katika milima ileile. Aliuawa mwaka 1993 katika nchi yetu ya Kenya. Mabaki ya kundi lake yakaungana na watu wengine waliotoka mbali na mlima: vijana wa Kiislamu waliokuwa wamegombana na wakubwa wa dini yao na serikali mjini Kampala. Muungano huo ukaitwa ADF, na kiongozi wake alikuwa Jamil Mukulu. Novemba 1996 walivuka mpaka wakaushambulia mji wa Mpondwe, mji uleule uliolia mwaka 2023.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya machozi. Usiku wa tarehe 8 Juni 1998 waasi hao waliingia katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakayatia moto mabweni. Wanafunzi wapatao 80 wakateketea, na wengine wengi wakatekwa. Huko Bundibugyo maelfu kwa maelfu ya watu waliacha mashamba yao wakaishi makambini. Jeshi la Uganda liliwafukuza waasi mlimani, nao wakahamia upande wa Kongo, katika misitu ya wilaya ya Beni. Tangu Oktoba 2014 wanavijiji wa huko wameuawa kwa makundi, aghalabu usiku, na aghalabu kwa panga na shoka. Desemba 2017 askari wasiopungua 14 wa Tanzania, waliokwenda kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, waliuawa kambini mwao huko Semuliki. Ugonjwa wa Ebola ulipozuka Beni mwaka 2018, mashambulizi yaliwazuia waganga kuwafikia wagonjwa. Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka 2015, na aliyemrithi, Musa Baluku, akalitia kundi chini ya bendera ya dola lijiitalo la Kiislamu la mbali, Iraki na Syria. Novemba 2021 majeshi ya Uganda na Kongo yalianza kuwasaka pamoja. Miezi 19 baadaye, Lhubiriha iliwaka.

Msomaji, usije ukachukua habari hii ukamtupia Mwislamu jirani yako. Mwezi wa Mei 2021 imamu mmoja wa Beni, aliyekuwa akiwakemea waasi hadharani, alipigwa risasi akiwa katika sala ndani ya msikiti. Kama vita vile vingekuwa vya dini, imamu asingefia msikitini.

Nilipoyapanga matukio haya moja baada ya jingine, niliona tofauti ambayo sikuiona siku ile darasani. Mwulize Mukirane, "Ukipewa nini utaweka silaha chini?" Angekujibu pasipo kusita: wilaya yetu, lugha yetu, heshima yetu. Waweza kukubali au kukataa, lakini jibu lipo. Waulize walioteketeza Lhubiriha swali hilohilo. Mwanzoni walisema wanataka kuiangusha serikali ya Kampala. Baadaye walikaa miaka mingi katika misitu ya Kongo, wakiua wakulima ambao hawajapata kuiona Kampala hata siku moja. Hakuna kitu ambacho mkulima wa Beni angeweza kuwapa wakaridhika, isipokuwa mavuno yake na watoto wake. Vita vyao vimegeuka kuwa riziki. Hula kwa mbao, kwa kakao, kwa dhahabu, na kwa chakula cha kuporwa.

Tena hula vijana. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pote. Wengi waliofika katika kambi zile hawakwenda kwa kupenda vita. Baadhi walitekwa kwa nguvu, wakiwamo watoto wa shule. Lakini wengine walikwenda kwa miguu yao wenyewe, kwa sababu mtu mwenye maneno laini aliwaambia kuwa kuna kazi, au kuna nafasi ya masomo ng'ambo, na nauli italipwa. Walipofika walikuta msitu, na aliyejaribu kutoroka aliweka maisha yake rehani. Jambo jema ni kuwa Uganda ilitunga sheria ya msamaha mwaka 2000, na wapiganaji wengi wa makundi mbalimbali waliitumia kurudi makwao. Mlango wa kurudia ni silaha pia, nayo haimwui mtu.

Niliahidi kuwa sitaanza na mlima wangu. Acha nimalizie nao. Mwaka 2006, nilipokuwa mvulana wa shule, ugomvi wa ardhi katika Mlima Elgon uligeuka kuwa vita, vikadumu hata mwaka 2008. Nilikaa dawati moja na kijana aliyenizidi sana katika hesabu. Mashamba ya baba yake yalikuwa miongoni mwa yaliyogombaniwa. Mara kwa mara aliniambia juu ya shamba lile, nami nilimsikiliza kwa sikio moja, maana sisi hatukuwa na kesi. Asubuhi moja dawati lilikuwa na nafasi. Tulijua alikokwenda, na hakuna aliyelitaja jina lake, wala mwalimu hakuuliza. Hakurudi. Mama yake aliiweka sare yake ya shule sandukuni kwa miaka mingi, na sijui kama bado ipo.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningalimsikiliza kwa masikio mawili angalikwenda. Labda angalikwenda, mimi nilikuwa mtoto, na ardhi ni jambo la wakubwa. Lakini wakubwa nao hawakumsikiliza, na aliyemsikiliza wa kwanza alikuwa mtu mwenye bunduki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa vita hujengwa kwa mifupa ya watoto.

Basi, binti yangu wa kidato cha pili, ambaye sasa umekwisha kuiacha shule yetu, hili ndilo jibu lako. Wale wa Lhubiriha hawakuwa na kosa lolote. Walilala baada ya masomo yao, kama ulivyolala wewe usiku ule. Waliuawa na vita vilivyosahau sababu yake, na vita vya namna hiyo havitafuti mwenye kosa. Hutafuta palipo karibu. Sisi tulio hai hatuwezi kuwarudisha. Twaweza kumsikiliza anayelalamika angali anatumia maneno. Na akija mtu mwenye maneno laini, akakuahidi nauli na masomo mahali asipotaka kupataja, twaweza kumwuliza yale maswali mawili: tunakwenda wapi, na nikitaka kurudi, mlango uko wapi? Asipojibu, baki ulipo, ukamwambie mzazi au mwalimu wako. Nami nakuahidi kuwa mara hii sitakimbilia kitabu.